Taa Nyekundu ya Wendell

Wendell Haskins alibonyeza nyekundu. Odette Pelkey, aliyekaa kwenye roshani ya wageni ya Bunge la jimbo, koti lake mapajani, aliiona kwa macho yake mwenyewe. Kwenye ubao wa kura, mbele ya jina la jirani yake, mtu anayemwondolea theluji mlangoni kila majira ya baridi na hataki hata kushukuriwa, iliwaka taa nyekundu. Na mswada ukaanguka kwa kura tatu.

Mswada wenyewe ulikuwa wa kuwalipa watu wanaowahudumia walemavu majumbani. Washington ilikuwa imepunguza fungu lake, na Bunge la huko lilisema litalitazama tena jambo hilo theluji ikishayeyuka. Mpaka hapo, jimbo la New Hampshire ndilo lililotakiwa kuziba pengo. Kwa Odette, maneno yote hayo yalikuwa na maana moja tu. Mdogo wake Armand alivunjika uti wa mgongo alipoanguka kutoka paa la ghala. Kila asubuhi huja mama mmoja anayelipwa na mpango huo, akamwogesha na kumweka kwenye kiti chake, ndipo Odette aende kazini jikoni kwenye shule. Bila mama yule, Armand angepelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa kule kaskazini, akaishi na watu asiowajua. Kitanda kilishatengwa.

Spika akagonga nyundo, akatangaza mapumziko ya chakula, na wabunge wakatoka mbio kama watoto wa shule. Odette akateremka ngazi, hasira zimempanda mpaka utosini. Alimkuta Wendell kwenye mkahawa wa chini. Fundi bomba huyo mstaafu, tai imemkaba shingo, alikuwa anakunywa supu ya chaza bila wasiwasi wowote.

"Inashuka vizuri hiyo supu?" Odette akauliza.

"Odette. Kaa, basi."

"Nikae na nani? Na wewe? Jumapili umekula mezani kwangu, ukaongeza pai mara mbili, ukamwambia Armand kura yako anayo. Kumbe unamchezea mgonjwa?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi. Acha wasikie wamemchagua mtu wa namna gani."

Kwenye meza ya pili walikaa wabunge waliouangusha mswada, wakipongezana. Mmoja wao akageuza shingo. Wendell akainamia bakuli, masikio yamemwiva.

"Nakuomba kama jirani," akanong'ona. "Rudi juu ukakae. Usiende nyumbani."

"Nikaangalie nini, mazishi?"

"Kaa tu. Na unyamaze, kwa leo tu. Ukiendelea hivi utatuponza sote."

Odette alimwacha na supu yake, akatoka hadi kwenye gari. Alikuwa ameshawasha injini simu ilipolia. Alikuwa Armand.

"Dada, vipi?"

"Bado wanakula," Odette akasema.

"Hao nao, kula tu," Armand akasema, akakata.

Odette akazima injini. Afadhali kukaa kule juu na hasira zake kuliko kurudi nyumbani na habari ile. Akapanda tena roshani.

Wabunge walirejea wakipangusa midomo. Nyuma yao wakaingia wengine ambao asubuhi hawakuwapo, buti zao zimelowa. Hao ni wa kaskazini kabisa, waliokwama milimani mpaka barabara ilipofunguliwa. Kabla Spika hajaita shughuli nyingine, Wendell akasimama.

"Mheshimiwa Spika, mimi asubuhi nilipiga kura na upande ulioshinda. Naomba mswada ule urudishwe, upigiwe kura upya."

Ndiyo kanuni yao pale: mswada ukianguka, aliyeshindwa hana ruhusa ya kuurudisha. Ni yule tu aliyekuwa na washindi. Kwa hiyo washindi wenye akili huomba wao wenyewe kura ya marudio papo hapo, kisha wakaikataa, na mlango ukafungwa kabisa. Siku ile njaa iliwashinda. Wale wa meza ya pili walitazamana, na mmoja akajipiga kofi kwenye paji la uso.

Odette alihisi uso unamchoma. Kama angepayuka kidogo zaidi kule chini, wangekumbuka kuufunga mlango.

Taa zikaanza kuwaka. Kijani, nyekundu, kijani, kijani. Ya Wendell, kijani. Spika aliposema mswada umepita, Odette alicheka kwa sauti hadi askari wa mlangoni akamwonyesha kidole mdomoni, na hata hapo hakuweza kuacha.

Alimngojea Wendell kwenye ngazi za nje.

"Ungeninong'oneza, mtu mbaya wewe."

"Nikunong'oneze wewe? Mjini kote nani hajui siri zako?"

"Basi nimekukosea. Nisamehe."

"Washington bado, Odette. Watapiga kura yao, na hatujui."

"Hiyo tutaihangaikia ikifika. Nenda zako, umenitesa vya kutosha." Na akamkumbatia.

Kisha akakaa pale pale kwenye ngazi yenye baridi, akapiga simu.

"Armand. Unabaki nyumbani."

Akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Umenisikia? Umepita. Unabaki."

"Nilikuwa nimeshaanza kuzoea, dada."

"Kuzoea nini?"

"Kutokuwapo."

Odette akajifuta pua kwa glavu. "Basi acha mara moja," akasema. "Kesho asubuhi utaogeshwa, na utalalamika maji ni ya moto."

Armand akacheka, halafu akaanza kulia. Dada yake hakukata simu. Alimsubiri mpaka alipomaliza.