Meza ya Langoni

Saa mbili na nusu asubuhi Rozina Odongo alikuwa langoni mwa kituo cha utafiti, mgongoni mwanawe Favour wa miezi mitano, mkononi ndoo yenye konokono sitini aliowaokota jana yake ufukweni Pasiansi. Dada wa kazi alikuwa ameondoka alfajiri kwenda msibani Misungwi.

"Mama Favour, mtoto haingii humu," alisema Bwana Venant, afisa utawala, akionyesha tangazo aliloliandika mwenyewe. "Ndani ya uzio ni marufuku."

"Shikamoo, mzee. Leo tu, naomba. Atalala."

"Marahaba. Mimi sijakuzuia. Wewe ingia, mtoto abaki."

Abaki wapi, hakusema. Watu wa utaratibu huwa hawafiki huko.

Kitabu cha mahudhurio cha maabara kilikuwa tayari na "hayupo" mbili mbele ya jina la Rozina, zote za wiki ile Favour alipopata homa. Ya tatu ikiandikwa, nafasi yake anapewa mwingine, na shahada ya uzamili inaishia hapo. Kwao Mara, kaka zake wote wamewahi kukojoa damu kwa kichocho, wakaona ndiyo dalili ya kukua. Hilo ndilo lililomleta kwenye konokono, wanaobeba ugonjwa huo. Alisimama pale akiona uchungu, tena hasira.

Alimpigia simu mwanafunzi mwenzake, Kevin, aje walau achukue ndoo. Kevin alikuja na msimamizi wao, Dk. Getruda Chenge, mwanamke mfupi mwenye koti jeupe lililobaki na kifungo kimoja.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Mbona konokono wangu wako nje?"

Rozina alieleza. Dk. Getruda alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama juu.

"Wakifika maabara tunawafanya nini?"

"Tunawaweka kwenye mwanga wa taa watoe vijidudu vya kichocho, ndipo tunahesabu."

"Taa tunawasha kwa sababu kuna paa. Hapa unaona paa? Kevin, leta ile hadubini ya zamani, ya kioo, isiyohitaji umeme. Vikombe na glavu pia."

Meza ya mlinzi ilitolewa hatua mbili nje ya uzio. Kila konokono akapata kikombe chake cha maji, na jua la Mwanza likafanya kazi bila kuombwa. Dk. Getruda alimchukua Favour, akasogea naye mbali na yale maji, akamfunga kanga mgongoni juu ya koti.

"Dokta, atakukojolea."

"Akojoe. Wa kwangu nilimwacha Busisi kwa mama, ana miezi minne, maana msimamizi wangu aliniambia nichague. Niliporudi akaniita shangazi." Alikaza fundo la kanga. "Hesabu konokono, Rozi."

Rozina alihesabu, machozi yakimlengalenga mpaka akapangusa lenzi bure. Kufika saa sita, konokono tisa walikuwa wametoa vijidudu.

"Dada Rozi, hii data ni balaa!" Kevin alipiga kelele.

Saa kumi Bwana Venant alikuja na kitabu.

"Huyu hakuingia ndani ya uzio. Namwandika hayupo."

"Sawa," alisema Dk. Getruda. "Na mimi niandike. Kevin pia. Sote tulikuwa hapa."

"Dokta, wewe ni mkuu wa maabara."

"Leo sikuwepo. Na nafasi ya Rozina ukiigawa, na yangu itafutie mtu."

Bwana Venant alishika kalamu kitambo, akamtazama mtoto aliyelala kwenye mgongo wa Dokta. Mwisho aliandika "yupo" mara tatu, kwa mwandiko mbaya.

Asubuhi iliyofuata palikuwa na tangazo jipya, wino haujakauka vizuri: vifaa vya maabara ni marufuku nje ya uzio. Rozina alilisoma mara mbili, Favour mgongoni.

Lakini meza hakuna aliyekumbuka kuirudisha ndani. Ilikuwa palepale, na Dk. Getruda amekaa nyuma yake na rundo la ripoti, kanga begani.

"Nipe mtoto. Mimi si kifaa," alisema. "Wewe ingia."

"Asante, Dokta. Mungu akuzidishie."

"Asante utaniambia siku wakijenga chumba cha watoto. Nenda, utachelewa."

Rozina aliingia, akasaini. Kupitia dirisha la maabara alimwona daktari wa sayansi nje ya lango la kituo chake mwenyewe, akisoma ripoti kwa mkono mmoja.