Kuna Mtu Anakutafuta

Kazi ya Danielle ilikuwa kujua watu wanaleta watu wangapi. Aliajiriwa na Tukutane, programu ya simu iliyotengenezwa hapa hapa Bujumbura ili wachuuzi na wateja wao, ndugu na jamaa, waandikiane na kupigiana kwa urahisi. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitenge mtaa wa Asiatique, na kila asubuhi, kabla hata chai haijamiminwa, mkubwa wake Akilimali alimuuliza: "Leo tuko kwa ngapi?"

Hakuwa anauliza idadi ya watumiaji. Alitaka kujua kila mtu aliyeingia Tukutane alivuta wengine wangapi. Akivuta zaidi ya mmoja, programu inakua yenyewe, kama moto unaorukia nyasi kavu. Akivuta chini ya mmoja, moto unazimika hata uupulizie vipi. Tukutane walikuwa kwenye nusu. Watu kumi walileta watano, watano wakaleta wawili, habari ikaishia hapo.

Akilimali alikuwa mtu wa Bukavu, mpole, aliyeuza gari lake ili ofisi isifungwe. Alijua wafadhili wakiona nusu hiyo mwaka mwingine hawatarudi.

"Tafuta wale wanaoleta wengi," alimwambia Danielle. "Ujue wanawaambia watu nini, kisha tuwafundishe wengine."

Danielle alitafuta, na jina moja likamsimamisha. Mama mmoja wa Buyenzi, Mwanvua, alikuwa ameleta watu zaidi ya mia tatu peke yake. Wengi walikuwa Cibitoke, Gatumba, Rumonge, na kwenye kambi za wakimbizi. Aliyeleta mtu alipewa dakika za bure za kupiga simu. Mwanvua hakuwa amegusa hata moja. Danielle alishuku ni ujanja wa namna fulani. Akampigia, akaomba kwenda kumwona.

Alimkuta barazani anashona mapazia, mwanamke wa miaka sitini hivi, mtandio umefungwa nyuma ya shingo usinaswe na cherehani. Akamwekea kiti na chai ya tangawizi kabla ya kumuuliza shida yake.

"Mama, hawa watu wote unawatoa wapi?"

"Kila pahali. Sokoni, musikitini, mu bisi. Nikikutana na mutu ametoka Congo, namuomba namba."

"Juu ya nini?"

Mwanvua aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Niko na mutoto, Ilias. Alikuwa anatengeneza mapikipiki kule Kamanyola. Vita ilipofika, watu wakakimbilia huku, wakavuka mto Rusizi. Siku ile alinipigia, akasema, 'Mama, tumefika kwenye maji. Nikivuka nakupigia.' Toka siku ile simu yake haipiti."

Alikwenda Rugombo, akazunguka uwanja mzima wa mpira ambako wakimbizi walilala. Alikwenda mahospitali. Alikwenda hata magereza, akisema afadhali afungwe kuliko asionekane.

"Sasa hii Tukutane yenu," akaendelea, "mutu akiingia, inamuonyesha wenye iko nao mu simu yake. Nikaona, wakiingia wengi, siku moja ataingia mwenye anamujua Ilias. Labda alibadilisha namba. Labda ni mugonjwa, hawezi kuandika. Sijui."

"Na unawaandikia nini, mama?"

Mwanvua alimpa simu asome mwenyewe. *Kuna mutu namutafuta. Ingia, unisaidie kuangalia.*

"Wanakubali?"

"Karibu wote. Nani atakataa? Hapa kila mutu iko na mutu wake mwenye hajamuona."

Danielle alirudi ofisini akamsimulia Akilimali yote. Akilimali alisikiliza ameinamisha kichwa. Naye alikuwa na watu upande ule ambao hakuwa na habari zao.

"Masikini yule mama," alisema. Akainua kichwa. "Umesema karibu wote wanakubali?"

Maneno yaliyofuata aliyaandika Danielle mwenyewe. Mwaliko wa zamani ulisema, *Rafiki yako yuko Tukutane, jiunge naye*, na watu waliufuta bila kuusoma. Wa kwake ulisema, *Kuna mtu anakutafuta. Ingia umwone.* Jina la mtumaji lilifichwa mpaka uingie. Na ili mialiko iwe mingi, ukigusa kitufe kimoja tu programu iliituma kwa kila namba iliyo kwenye simu yako. Aliwagawa watumiaji mafungu mawili, fungu moja likabaki na maneno ya zamani, jingine likapewa mapya. Moyo ulimsuta, akautuliza. Anayekualika si anakutafuta? Basi si uongo.

Haikupita wiki, fungu la pili likawa limeliacha la kwanza mbali kabisa. Wakawapa wote maneno mapya. Asubuhi moja Akilimali alipouliza, Danielle akamjibu, "Tumepita moja." Akilimali alikaa chini, akafunika uso kwa viganja. Mchana aliagiza brosheti za nyama ya mbuzi na ndizi za kuchoma kwa ofisi nzima, na Danielle alikula na wenzake akicheka.

Mwanvua alikuja siku chache baadaye. Walimsikia ngazini kabla hawajamwona, anahema, anasalimia watu asiowajua. Alikuwa amevaa gauni lake la Idi, la rangi ya zabibu, limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, na mkononi ameshika kasimu kadogo ka vitufe.

"Danielle, mwanangu," alisema. "Amenitafuta."

Akamwonyesha. *Kuna mtu anakutafuta. Ingia umwone.*

"Hii namba sikuiweka mu Tukutane," alieleza, na sauti yake ilikuwa nyepesi kama ya msichana. "Ni ya zamani. Naichaji tu kila siku kwa sababu Ilias anaijua kwa kichwa. Watu wengine sikuwapa. Na asubui hii mesaji imeingia. Lakini hii simu haiwezi kufungua. Nifungulie we, nione iko wapi."

Kila aliyekuwa mle alijua maneno yale yametoka wapi. Akilimali alisimama mlangoni mwa chumba chake, hakusogea.

Danielle aliketi kwenye kompyuta akatafuta mwaliko ule. Ulikuwa umetoka kwenye simu ya mtu aitwaye Massoudi, aliyejiunga jana yake, kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Rutana. Katika simu yake namba ile ilihifadhiwa kwa jina *Mama Ilias*.

"Massoudi ni rafiki yake," alisema Mwanvua. "Walikuwa wanatumika garaji moja. Basi wako pamoja. Mupigie."

"Mama, ngoja kwanza." Danielle alimshika mkono. "Ile mesaji, ni sisi tuliiandika. Inakwenda kwa kila mutu. Huenda Massoudi mwenyewe hajui kama imefika kwako."

"Namba yangu ameitoa wapi, kama si kwa Ilias? Mupigie."

Danielle alipiga, akaweka sauti ya nje kwa sababu Mwanvua alitaka. Simu iliita muda mrefu.

"Massoudi, ni mi mama ya Ilias. Nimepata mesaji yako."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za watoto, kisha kelele zikasogea mbali, kama mtu anatembea kutafuta pa kusimama.

"Mama, mi sikuandika mesaji."

"Iko hapa. Sasa nipe Ilias."

"Mama." Kijana alishindwa kuendelea, akaanza tena. "Unisamehe, mama. Ilias alinipa namba yako pale pale kwenye maji. Akaniambia, 'Kama sitatoka, umupigie mama.' Nikashindwa. Kila siku nilisema kesho."

Massoudi akaeleza kwa haraka haraka, kama anayetua mzigo. Walikuwa wameshika kamba na wengine. Ilias alifika ng'ambo. Kisha akarudi kumchukua mwanamke mmoja aliyeogopa maji, mtu asiyemjua. Yule mwanamke alivutwa na watu wakamtoa. Ilias hawakumwona tena.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema Mwanvua. Akakaa. Halafu akauliza, "Maji ilikuwa baridi?"

Massoudi alikuwa analia sasa. "Ilikuwa baridi, mama."

Simu ilipokatika, Danielle alipiga magoti mbele yake. Mwanvua alikuwa analainisha gauni kwenye magoti, polepole, kama bado lina mikunjo.

"Mungeandika tu kama ni matangazo," alisema. "Nisingevaa hii nguo."

Danielle alimsindikiza nyumbani kwa teksi. Aliporudi, Akilimali alikuwa bado yuko ofisini.

"Bila ile mesaji asingejua mpaka leo," alisema Akilimali. Hakusema kwa ukali. Alionekana anajaribu kuyaamini maneno yake.

"Najua, bosi."

"Sasa tufanye nini?"

"Imekwenda kwa maelfu ya watu. Wangapi wamevaa vizuri leo wakafungua wakakuta ni mutu anauza viatu?"

Akilimali alimvutia Danielle kiti mbele ya kompyuta. "Itoe," alisema.

Danielle aliyaondoa maneno yale saa ile ile. Wiki baada ya wiki, hesabu ilishuka chini ya moja, ikarudi karibu na pale ilipokuwa, na wafadhili wakachoka. Kabla ya mvua kubwa ofisi ilifungwa, na mwenye duka la vitenge akafanya ghorofa ile stoo.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Wiki ile, Buyenzi, ilisomwa hitima ya Ilias. Danielle alifika mapema, akakaa na wanawake uani kumenya vitunguu, akiogopa kufukuzwa. Hakufukuzwa, wala Mwanvua hakumsemesha.

Watu walianza kuja ambao majirani hawakuwajua. Walitoka Gatumba na Cibitoke, wengine na watoto mgongoni, wengine wamevaa rozari. Hawakuwahi kumwona Ilias. Walikuwa watu aliowaingiza Mwanvua, ambao kwa miezi walimwandikia, "Bado, mama," na yeye akawauliza habari za watu wao waliopotea.

Alasiri alifika Massoudi. Alisimama mlangoni mwa ua, kofia mkononi, hathubutu kuvuka kizingiti. Mwanvua aliinuka, akamshika mkono, akamketisha mkekani, akamnawisha mikono mwenyewe, akamwekea sahani ya pilau.

"Kula kwanza," alimwambia.

Massoudi alikula kidogo kidogo, machozi yanamdondokea. Alipomaliza, Mwanvua aliondoa sahani.

"Sasa waambie," alisema. "Toka mwanzo. Hawa hawakusikia."

Danielle aliacha kumenya. Wanawake walisogea karibu, wenye watoto wakawanyamazisha, na Massoudi akaanza.