Fundi wa Vifungo

Kila nguo iliyoning'inia mbele ya duka lile ilikatwa na kushonwa chumba cha nyuma, na mtu mmoja. Bosi alipima wateja, akapiga nao soga, akapokea sifa. Fundi alibaki nyuma ya pazia na cherehani yake. Nyumbani walipomuuliza kazi, alijibu, "Mimi naweka vifungo tu." Alisema hivyo miaka nenda miaka rudi mpaka wakaamini, na wa kwanza kuamini alikuwa yeye mwenyewe.

Kichwani mwake mlikuwa na sauti isiyojua likizo. Sokoni ilimwambia viatu vyekundu si vya watu kama yeye, akanunua vya kahawia. Kwenye kikao cha familia ilimwambia anyamaze, akanyamaza. Ilimwacha apumue kazini tu, maana nguo za dukani zilikuwa za bosi, hata zikiharibika.

Basi siku moja mdogo wake akaja na hariri nyeupe, akaitandaza kitandani.

"Dada, naolewa. Nataka gauni la mkono wako."

"Wewe?" ikasema sauti. "Utaliharibu, na picha zitabaki."

"Mdogo wangu, hii si kazi ya kubahatisha. Mpelekee bosi wangu, yule ndiye fundi."

Mdogo mtu akaikunja hariri taratibu. Alikuwa ameumia, wala hakuficha. "Nilitaka la kwako, hata likiwa baya."

Siku mbili baadaye hariri ileile ikapita pazia, mikononi mwa bosi.

"Gauni la mdogo wako hili. Kata."

"Kata wewe, bosi. Hili siliwezi."

"Mimi?" Bosi akacheka mpaka akakaa chini. "Unajua fika sijui hata kutia uzi kwenye sindano."

Hapakuwa na pa kukimbilia. Akakata. Vipimo vya bosi vilisema mabega yote mawili yamelingana, lakini bega la kushoto la mdogo wake limeshuka kidogo tangu utotoni. Akalirekebisha bila kuuliza mtu.

Siku ya kujaribu, gauni likamkaa bibi harusi sawasawa. Akajigeuza mbele ya kioo, akagusa bega, machozi yakamlengalenga.

"Bosi, umejuaje? Nguo zote huniporomoka hapa."

Bosi akamtazama fundi wake. Akakohoa. Akamtazama tena na kumwinulia kidevu, kwamba sema basi. Fundi alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa zote ili aseme.

"Nyuma kuna mshono umepinda," ikasema sauti. "Akiuona atajua ni wako."

Hapakuwa na mshono wowote uliopinda, ila fundi hakuthubutu kutazama. Akapiga magoti kunyoosha pindo ambalo lilikwishanyooka.

Mdogo wake akainama, akamshika mkono kwa upendo. "Dada, na wewe jifunze kwake, walau kidogo."

"Nitajaribu," akasema.

"Hutaweza," ikasema sauti, na fundi akaona ina hoja.