Giga Thelathini na Mbili za Baba

Kwao walimwita Kipimo, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa siku aliyozaliwa. Kazi yake ilikuwa kukadiria vifaa vya ujenzi. Unampa ramani ya nyumba, anakaa nayo kutwa nzima kalamu ikiwa sikioni, kisha anakutajia mifuko ya saruji, mabati, misumari na vigae vya bafuni hadi kile cha kona kitakachokatwa nusu. Mafundi walimtania kwamba hata chai huikadiria kwa idadi ya mafunda. Alicheka nao, lakini moyoni alijivuna kweli kweli. Nyumba zilizopita mikononi mwake hazikubakiza kigae cha kutupa, na yeyote aliyemwambia "ongeza kidogo, huwezi kujua" alimwona mtu wa kubahatisha.

Kwa hiyo baba yao alipotaka tableti, hapakuwa na mjadala wa nani aende dukani.

Baba alikuwa ametunza ghala la dawa la hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka alipostaafu na macho yake yakaanza kumsaliti. Alikuwa mzee wa maneno machache. Mwenye maneno alikuwa mama. Kila asubuhi, vikombe vikishaondolewa mezani, mama alimsomea mumewe gazeti kwa sauti, wala hakulisoma tu, aligombana nalo. Waziri akiahidi daraja, mama alimuuliza waziri, pale pale mbele ya kopo la sukari, lile daraja la mwaka juzi limemezwa na nani. Majirani walikuwa wakipunguza redio zao ili wamsikie.

"Chukua chenye nafasi, mwanangu," baba alimwambia Kipimo kwenye simu. "Kitakuwa na kazi hicho chombo."

"Kazi gani tena, baba? Unafungua studio?"

Mzee alicheka kile kicheko chake cha kumpisha mtu apite. "Wewe chukua tu chenye nafasi."

Dukani walimletea mbili, zinafanana kama mapacha. Muuzaji, msichana mwenye miwani na subira nyingi, alizipanga juu ya kioo.

"Hii ni giga thelathini na mbili, hii mia na ishirini na nane. Hii ndogo haina hata pa kuchomeka kadi, dada, ikijaa imejaa. Mzee anataka kuweka nini humo?"

Lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyosemwa dukani siku ile. Mwenye kulijibu alikuwa nyumbani, na simu ilikuwa mkobani. Kipimo akatoa daftari lake badala ya simu. Picha mia mbili, tuseme mia tatu. Gazeti la mtandaoni. Kuongea na wajukuu kwa video, ambako hakuwekwi kitu. Alijumlisha kwa sauti mpaka wateja wawili wakageuka kumtazama.

"Giga nane zinamtosha," alisema. "Kwenye hizi thelathini na mbili atabaki na uwanja wa kufugia kuku."

"Lakini dada, mashine yenyewe inakula karibu..."

"Nimeshapiga hesabu."

Hakuwa amepiga hesabu hiyo. Wala hakuwa mkono wa birika, ile kubwa angeinunua bila kukunja uso. Ni kwamba alichukia kitu kukaa bure. Akabeba ile ndogo, akatoka dukani anatembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Asichokijua, na alikuja kukijua wakati hakina msaada tena, ni kwamba wiki mbili kabla ya hapo mama alikuwa ameambiwa na daktari kuwa uvimbe ulio kooni mwake utamnyang'anya sauti. Labda baada ya miezi minne, labda mitano. Wazazi wakakubaliana kufunga midomo mpaka mtoto wao wa mwisho amalize mitihani, watoto wasije wakachanganyikiwa. Na baba, ambaye maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuhifadhi, akataka chombo cha kuhifadhia sauti ya mkewe. Ndiyo kazi aliyokuwa akiisema. Aliogopa tu kuitaja.

Haukupita mwezi, simu ikalia Kipimo akiwa juu ya kiunzi, anahesabu matofali yanayoshushwa.

"Mwanangu, chombo kinasema kimejaa."

"Kimejaa nini, baba? Hata mwezi hakijamaliza!"

"Mimi sijui. Kimeandika hivyo, mama yako amenisomea."

Chini dereva wa lori alikuwa anapiga honi. Kipimo aliziba sikio moja. "Basi futa, baba. Unabonyeza kitu kwa kidole, unashikilia, kinakuja kidude kama pipa la taka. Anza na za zamani."

"Za zamani?"

"Ndiyo, za zamani. Nani anaziangalia tena?"

"Haya," alisema mzee, na sauti yake ilichangamka kidogo. "Hiyo nimeielewa. Ghalani ndiyo ilikuwa sheria yetu, kilichotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kutoka."

Wakacheka wote wawili. Mazungumzo yenyewe hayakufika dakika mbili, kisha akarudi kwenye matofali yake, na alikumbuka hata idadi aliyokuwa ameishia.

Miezi ile kazi zilikuwa zimembana na kwao hakwenda. Badala ya kwenda alituma vitu kwenye kundi la familia. Kila alfajiri maua kumi na zaidi, yenye umande na maneno "asubuhi njema". Mchana paka anayecheza ngoma, au mtoto wa watu aliyetumbukia kwenye keki. Alivituma huku anapiga mswaki, bila hata kuvitazama mara mbili, na alijihesabia kuwa amewasalimu wazazi. Dhamiri ikalala usingizi.

Ukweli ulipotolewa hadharani, mama alikuwa tayari anaandika kwenye karatasi. Kipimo alikwenda kila wiki, akamwogesha, akamlisha, akafanya yote yanayompasa binti. Lakini sauti ilikuwa imekwenda, na mwenyewe akaifuata mwezi wa saba.

Baada ya mazishi ndipo Kipimo alipogundua umaskini wake. Picha za mama alikuwa nazo tele, za harusini, za sikukuu, za jikoni akiwa amekasirika kupigwa picha. Sauti hakuwa nayo hata sekunde moja. Mama hakupenda kutuma ujumbe wa sauti, alisema huko ni kuongea na ukuta. Alipiga simu, na simu ikikatwa haibakizi kitu. Kila siku alijaribu kumsikia mama kichwani akimgombeza waziri, na kila siku aliona kama ile sauti inafifia. Hilo lilimtisha kuliko kaburi lenyewe.

"Mimi nilimrekodi," baba alisema wiki ya tatu, taratibu, kama anayetaja hali ya hewa. "Mwanzo mpaka mwisho. Humo kwenye chombo ulichoninunulia."

Kipimo nusura avunje kikombe. Alikwenda chumbani mbio, akarudi na tableti, akaketi kwenye kiti cha mama bila kujua amekaa wapi. Video zilikuwa kumi na moja. Akagusa ya kwanza.

Mama alitokea, dirisha likiwa nyuma yake, gazeti mkononi, miwani puani. Midomo ilikuwa inacheza. Kipimo akapandisha sauti. Akapandisha mpaka mwisho. Kurasa zilisikika zikigeuzwa, mfuniko wa birika ukasikika ukitingishika jikoni, baba akakohoa karibu kabisa. Mama alikuwa anasoma kwa midomo tu.

Ya pili ilikuwa vilevile, na ya tatu. Kwenye ile ya kumi na moja mama hakujaribu hata kuchezesha midomo. Aliweka kidole juu ya picha ya waziri, akatikisa kichwa, akamtazama mumewe, mabega yakamtikisika kwa kicheko kisicho na mlio.

"Baba, za sauti ziko wapi?"

"Zile zilitangulia kuingia," mzee alisema. "Nikazitanguliza kutoka. Kama ulivyonielekeza."

Hakulisema kwa lawama. Angelaumu, Kipimo angepata pa kujitetea. Mzee aliinuka, akaenda kabatini akipapasa, akarudi na daftari gumu la mistari. Lilikuwa daftari la ghala kama yale aliyoandika miaka thelathini na mmoja, safu zimepigwa kwa rula, herufi kubwa kwa sababu ya macho. Tarehe. Kilichotoka. Kilichoingia. Sababu.

"Nisomee," alisema. "Siku hizi sina wa kunisomea."

Kipimo akasoma. *Imetoka: mke wangu anasoma habari ya daraja, dakika 14. Sababu: nafasi. Imetoka: mke wangu anasoma bei ya mafuta, amekasirika, dakika 11. Sababu: nafasi. Imetoka: mke wangu anaimba bila kujua narekodi, dakika 4. Sababu: nafasi.* Ukurasa baada ya ukurasa, na safu ya mwisho neno ni lile lile. Mzee alisikiliza kichwa kimeinama, akiitikia kila mstari kwa "ehe", kama mtu anayehakiki mali.

Akafika mstari mmoja, akaurudia kwa macho tu.

"Mbona umenyamaza?" baba aliuliza.

"*Imetoka*," alisoma, "*mke wangu anamwambia Kipimo habari ya gauni la kijani, dakika 3. Imeingia: paka na ngoma, kutoka kwa Kipimo. Sababu: nafasi.*"

"Alisemaje, baba?"

"Alitaka ulichukue wewe. Alikuwa anakutania habari ya kiuno chako." Mzee alifikicha macho. "Maana yake ninayo. Maneno yenyewe, alivyoyasema, sina. Najua alicheka katikati."

Kipimo akafungua upande wa picha. Maua. Maua na umande, maua na vikombe vya chai, maua na mawingu, elfu mbili na ushee. Paka watatu. Wale watoto wa watu na keki zao. Vyote alivyotuma kwenye kundi vilikuwa vimejihifadhi vyenyewe humo, hakikupotea kimoja, na vingine hakukumbuka hata kuvituma.

"Hivi mbona hukuvifuta?" Alijisikia anapiga kelele. "Baba, takataka hizi! Mbona hukuanza na hizi?"

Baba alishangaa kweli. "Hivyo si vyangu. Umeviweka kwangu wewe. Tangu lini mtunza ghala akatoa mali ya mtu bila mwenyewe kusaini? Nilitoa vya kwangu."

Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa fundi simu, kijana mwenye vidole vyembamba na taa kipajini. Fundi alihangaika nayo saa nzima, kisha akaisukuma juu ya meza polepole.

"Zimeandikiwa juu yake vitu vingine, dada. Mara nyingi. Hazirudi." Akaongeza, maana mafundi hawajui kunyamaza kwa wakati, "Na huyu mzee angerekodi sauti peke yake bila picha, hata kwenye hii ndogo zingekaa miaka. Hakuna aliyemwonyesha?"

Hakuna aliyemwonyesha, kwa sababu hakuna aliyemuuliza anataka kufanya nini. Kipimo alirudi kwa miguu, akijuta hatua kwa hatua. Hakujutia giga, zilikuwa namba tu. Alijutia ile simu iliyokuwa mkobani dukani. Alijutia ile "nani anaziangalia tena" aliyoitupa toka juu ya kiunzi. Aliweza kukadiria nyumba ya watu asiowajua mpaka msumari wa mwisho, na kwa baba yake mzazi alikuwa amebahatisha.

Alimkuta mzee mezani, daftari bado liko wazi.

"Baba, nataka kuyafuta yale maua."

"Ya nini sasa? Hakuna kinachosubiri nafasi."

"Nataka tu yasikae humo na mama."

Mzee alifikiri, kisha akamsogezea daftari na kalamu. "Ni mali yako. Andika basi, usaini."

Kipimo akaandika. *Imetoka: maua, 2,140, paka, 3, na vinginevyo.* Kwenye safu ya kilichoingia akapiga mstari. Alipofika kwenye sababu, mkono ukasimama. Neno "nafasi" lilikuwa limejaa ukurasa mzima juu yake, kwa mwandiko wa baba, na lilikuwa la uongo kwa upande wake. Akainama, akaandika neno moja, akasaini.

"Umeandika nini hapo?" baba aliuliza, akikaza macho yasiyoona vizuri.

"Sikuuliza," Kipimo alisoma.

Mkono wa mzee ukatambaa juu ya meza mpaka ukaupata wa binti yake, ukaurudisha kwenye karatasi.

"Weka na tarehe," alisema.