Kipande cha Arobaini na Tisa

Alhamisi asubuhi Xaveria alisimama barazani kwa fundi Modesti, jirani na soko la Babati, akisubiri mabaki ya vitenge yapimwe kwenye mizani ya samaki. Mizani ilikuwa ya mama muuza kambare wa ng'ambo ya njia, ambaye aliiazimisha kwa sharti kwamba irudi kabla ya saa tatu. Kwa hiyo kila mfarishi ulioshonwa Nakwa, kijijini kwa Xaveria, mwaka ule ulinuka kambare kwa siku mbili za mwanzo. Wateja hawakulalamika, kwa sababu harufu ilitoka ukishafuliwa mara moja.

Zamani hapakuwa na mizani. Tangu Xaveria aanze kushona mifarishi, yale mablanketi ya vipande vipande yanayowekwa blanketi kuukuu katikati, mabaki yalikuwa mali ya anayefagia. Alikuwa anafika jioni, anafagia chini ya vyerehani, anaondoka na kapu lake, na fundi anamshukuru kwa usafi. Halafu vitenge vikaanza kupanda bei. Mwenye duka alikuwa mtu mpole na kila mara alieleza sababu: mara dola, mara meli imechelewa, mara mafuta ya lori. Doti ya elfu kumi na mbili ikafika ishirini, ikapita ishirini, na sababu hazikumwishia. Modesti naye akatambua kwamba nguo ikipanda, mabaki hayawezi kubaki chini. Akatafuta gunia la kuyawekea, akaazima mizani.

Xaveria hakununa. Alikuwa amesomesha watoto wanne kwa sindano, na mtu wa namna hiyo hababaishwi na gunia. Alibadilisha kitambaa cha chini, akaanza kutumia mashuka makuukuu, akasogeza bei yake kidogo, na kazi ikaendelea. Tena, tangu mizani ije, mabaki yenyewe yalikuwa yamenenepa. Zamani vilikuwa vijipande vya pembe tatu, ukubwa wa kiganja. Siku hizi vilikuwa vipana kama sahani, vimenyooka pande zote nne. Xaveria aliviona, akaelewa anachokiona, akasema tu kwamba fundi siku hizi ana mkono wa baraka. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wiki iliyofuata vipande vilikuwa vikubwa zaidi.

Alhamisi ile alichukua kilo mbili, na hazikuwa za kuuza. Binti yake Vailet, aliyeolewa Dongobesh, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na mtoto angetolewa nje na kubatizwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Katika ukoo wa kina Xaveria mtoto hatoki nje mara ya kwanza bila mfarishi wa bibi mzaa mama. Wajukuu watano walikuwa wametoka hivyo, na huyu alikuwa wa sita. Lakini safari hii kulikuwa na mashindano. Mama mkwe wa Vailet alikuwa ameshanunua blanketi la dukani, zito, lenye picha ya simba, na alikuwa amesema mbele ya watu kwamba wa Babati wakichelewa, simba yupo. Maneno hayo yalimfikia Xaveria siku hiyohiyo, kama maneno ya namna hiyo yanavyofika, na yalimuuma.

Alishona siku tano. Mistari saba ya vipande saba, jumla arobaini na tisa, vya rangi mbalimbali. Jumanne jioni aliutandika kitandani na kuutazama, akaridhika sana, akalala kwenye kiti ili asiukunje.

Jumatano kulipopambazuka vipande viliondoka. Vilijifumua kwenye uzi bila kuukata, vikashuka kitandani, vikapita chini ya mlango kimoja kimoja na kushika njia ya mjini. Kitandani kulibaki blanketi kuukuu na juu yake uzi mweupe uliobaki umekaa miraba miraba, kama wavu. Xaveria alikunywa chai kwanza, kwa sababu safari ya kumfuata mtu anayejua aendako haina haraka. Kisha akachukua kapu na kutoka.

Vipande vilitembea pembeni mwa barabara, mwendo wa mzee anayekwenda misa ya kwanza. Bodaboda walivipigia honi na vikasogea. Vilipofika mjini vilianza kuachana, kila kimoja na njia yake, na Xaveria akachagua kukifuata kimoja cha kijani chenye maua ya njano. Kiliingia katika jengo la ofisi, kikapanda ngazi, kikapita mapokezi bila kusimamishwa, kikajilaza juu ya meza ya karani aitwaye Evelyne, katikati ya mafaili.

Evelyne alimwamkia Xaveria shikamoo, akaitikiwa marahaba, ndipo akakitazama kipande. Siku hiyo alikuwa amevaa sketi ya kitenge kilekile. Alikuwa akiivuta chini tangu Pasaka, maana fundi alimwambia kitambaa hakikutosha kufika chini ya magoti. Akasimama, akakishika kipande kwenye pindo, kikakaa pale hasa palipopungua.

"Nilijua tu," alisema Evelyne, akakaa.

Xaveria alimuuliza kama atakwenda kudai. Evelyne alifikiri kidogo akasema hapana, fundi ni yeye huyohuyo anayekijua kiuno chake, na akimhama itabidi amfundishe mwingine upya. Akauliza kipande kilikuwa cha kazi gani. Aliposikia ni cha mtoto wa kutolewa nje, alikiweka mkononi mwa Xaveria na kumwambia akichukue kwa moyo mweupe. Kipande kililegea, kikawa kitambaa cha kawaida, kikalala kapuni na hakikuinuka tena. Ndivyo Xaveria alivyojua namna ya kufanya: kila kipande kilihitaji neno la mwenyewe.

Siku hiyo na kesho yake alizunguka mji mzima. Aliwapata wenye vipande wengi kwa kufuata rangi, na wengine walikuwa barazani kwao wakimsubiri, kipande kikiwa magotini. Alimkuta Nataana, mama wa Kimasai kutoka Simanjiro anayeuza maziwa karibu na stendi, amekitia kipande chake kwenye mkono wa gauni alilolishonesha kwa ajili ya mahafali ya mwanawe, anapima. Alikitemea mate kidogo ya baraka, akamtakia mtoto ng'ombe wengi, akakitoa. Vipande kumi na kimoja vya sare ya kwaya vilikutwa kanisani, vimekaa kwenye benchi la sauti ya pili kwa mpangilio. Eliakunda, kiongozi wa kwaya, alisema hawezi kutoa neno peke yake, mali ni ya wote. Wakakutana baada ya mazoezi, wakajadili kwa kirefu, wakakubali, wakafunga kwa sala.

Hakuna aliyetaka ugomvi. Watu walipita kwa Modesti, wakamwambia kipande chao kimerudi, naye akasema ahaa. Xaveria alipofika Alhamisi jioni na kapu limejaa, fundi hakukana lolote. Aliendelea kukanyaga cherehani huku akieleza kwamba uzi umepanda, mafuta ya cherehani yamepanda, kodi ya baraza imepanda, na wateja wanataka bei ya ushonaji ibaki ileile. Halafu akasimamisha gurudumu kwa mkono.

"Na wewe, Mama Salvatory," alisema, "ningewarudishia wenyewe, ungeshona nini?"

Xaveria aliona aibu. Aliaga akarudi Nakwa.

Alipohesabu vipande, vilikuwa arobaini na nane. Alikung'uta kapu, akaangalia uvunguni, akaenda hadi barabarani na kurudi. Ndipo akakiona. Kilikuwa hakikwenda mbali, hatua tatu tu kutoka kitandani, juu ya sanduku lake la nguo, na kilikuwa kimekaa pale tangu Jumatano bila kuonekana kwa sababu kilikuwa cheusi chenye mistari ya buluu na sanduku lilikuwa jeusi. Alifungua sanduku na kutoa gauni la juu kabisa.

Gauni lile alilishonesha kwa Modesti Julai iliyopita kwa ajili ya mazishi ya mumewe, Melkiadi. Alinunua kitambaa kizima bila kupunguziwa bei, kwa sababu hakutaka kuombea punguzo nguo ya kumzikia mtu aliyeishi naye miaka thelathini na moja. Aliomba mikono mirefu. Modesti alimletea ya mikono mifupi, akampa pole na kumwambia kitambaa hakikutosha. Julai ile upepo ulitoka ziwani asubuhi hadi jioni, na Xaveria alisimama kaburini mikono wazi, akitetemeka. Watu wakasema tazameni uchungu unavyomtetemesha. Uchungu ulikuwepo, tena mkubwa, lakini na baridi nayo ilikuwepo. Na kile kilichomtia baridi kilikuwa kwenye gunia la fundi, na yeye mwenyewe alikwenda kukinunua kwa kilo.

Ijumaa mapema alikiweka kipande mbele ya Modesti, juu ya meza ya kukatia, na gauni kando yake. Hakupaza sauti. Fundi alifanya kile ambacho mikono yake ilizoea: alichukua futi ya kupimia, akampima Xaveria mkono toka begani hadi kifundoni, akapima na kipande, akakumbuka na vipande vingine viwili vilivyokwenda kwa watu wengine.

"Kingetosha," alisema.

Xaveria alisubiri kuona kama lipo neno lingine. Alikuja mteja mwenye kitambaa cha sherehe ya send-off, Modesti akamvutia kiti na kuanza kumpima kifua. Xaveria akakunja gauni lake, akachukua kipande chake, akaenda zake.

Usiku haujaingia mfarishi ulikuwa umekamilika tena, na kipande cheusi kilikuwa katikati kabisa, mstari wa nne, nafasi ya nne. Vipande arobaini na nane vilikuwa vimepewa neno. Xaveria aliweka kidole juu ya kile kimoja ili akipe lake. Alifungua mdomo, akaufunga. Akajaribu tena wakati akifunga mizigo, na mara ya tatu Jumamosi ndani ya basi, walipokuwa wanapanda mlima kuelekea Dongobesh. Halikutoka. Hakuwa na hasira ya kuonekana, lakini neno la moyo mweupe haliwezi kusemwa na moyo ambao si mweupe, na Xaveria hakuwa na desturi ya kusema uongo.

Jumapili mtoto alitolewa nje amefungwa mfarishi wa bibi mzaa mama. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa, na kipaji cha uso wa mtoto tu ndicho kilichoonekana. Mama mkwe alilishika pindo, akaligeuza, akatazama mshono nyuma na mbele kama mtu anayenunua. Halafu alikwenda ndani akalikunja blanketi la simba, akaliweka juu ya kabati. Xaveria alikula wali wa ubatizo sahani mbili.

Jumatatu alirudi Babati. Jumanne asubuhi kipande cheusi kilikuwa mlangoni. Kilikuwa kimekuja na basi la kwanza, na konda alisema hakukitoza nauli kwa sababu hakikukalia siti ya mtu. Kilinuka maziwa na moshi wa jikoni. Vailet alikuwa ameshapiga simu kusema mfarishi una tundu katikati, mraba mmoja, kwingine kote uko salama. Xaveria alikipeleka kipande stendi kwa konda akirudishe. Kilikuja tena Ijumaa. Wiki ya tatu Vailet aliacha kukishona, akakiwekea vifungo vinne, kazi ikawa nyepesi kwa pande zote.

Mjini nako mambo yalitulia. Watu wanapopeleka kitambaa kwa Modesti siku hizi husema mapema, kabla hata ya kupimwa, kwamba kitakachobaki ni cha Mama Salvatory, kwa moyo mweupe. Fundi hushukuru, hukata, huwaambia kitambaa hakikutosha, nao huvaa hivyo hivyo. Vipande havitembei tena. Kwa kuwa havitembei, Modesti anasema vina thamani kuliko vya zamani, na ameipandisha kilo mara mbili. Xaveria analipa. Vitenge dukani vimepanda tena, mwenye duka ana sababu mpya, na mifarishi ya Nakwa inaagizwa hadi Bonga na Dareda. Ameongeza cherehani. Hana wasiwasi wowote kuhusu mwaka ujao.

Kila Jumanne na Ijumaa, wakati maji ya chai yanachemka, hujizungushia kile kipande mkononi, kati ya kiwiko na kifundo, na kukaa nacho hadi harufu ya mtoto imwingie vizuri. Mwezi uliopita Vailet alimwomba kwenye simu. Alisema mtoto ameanza kukaa, analala juu ya mfarishi mchana, na lile tundu linamwingizia baridi tumboni siku mbili kwa wiki. Alisema neno lenyewe ni moja tu.

Xaveria alimwambia amwekee mtoto kitambaa kingine chini yake siku hizo mbili. Kuhusu neno, alisema, analo tayari, amelitunza, na siku Modesti atakapoliomba atampa palepale barazani bila kumzungusha.

Modesti ana kazi nyingi. Hajaliomba.