Simbilisi wa Tatu

Mama mkwe wangu, Anatolia, alikubali kuhamia kwetu Nyakakika kwa sharti moja, nalo lilikuwa ndani ya kikapu. Alimkabidhi mume wangu simbilisi mweupe aitwaye Unga, ambaye mwenzake alikuwa amekufa, akamwambia: "Mpokeeni huyu kwanza. Akipata nafasi jikoni kwa Placida, na mimi nitaipata. Asipoipata, msinisumbue tena."

Wengine wangecheka. Mimi sikucheka. Mvua zilizopita mama huyu aliteleza kwenye migomba yake kule Songambele, akalala kwenye tope na mguu ulioteguka mpaka jirani aliyekuja kuazima jembe alipomkuta. Anaishi peke yake. Tena si mama mkwe wa kwenye vichekesho. Miaka ile niliyokaa bila kushika mimba, ndugu za mume wangu, Projestus, walipomshauri aongeze mke, ni yeye aliyesimama mbele yao akasema anayetaka kuniondoa aanze kumwondoa yeye. Nampenda. Nilikuwa nimeshaamua kwamba atakuja, na simbilisi hawakuwa na kura.

Tabu ni kwamba walijipa kura. Kahawa na Maharage ni simbilisi wangu wawili, majike, waliokulia pamoja jikoni tangu wakiwa wadogo kama malimao. Hulala wamebanana karibu na mafiga, na mmoja akifuata maganda ya ndizi, mwingine yuko nyuma yake. Jirani yangu Benitha huniuliza kila akija, "Hawa hawazai, huwauzi, huwali. Unawafugia nini?" Namjibu kwamba hata yeye simuuzi wala simli, na chai bado nampa.

Projestus alipoleta kikapu, nilifanya kosa la mtu mwenye haraka. Jikoni kwangu bado natandika nyasi sakafuni, kama walivyofanya mama zetu. Nikamtoa Unga, nikamweka katikati ya nyasi zile, nikasema, "Karibu nyumbani." Kahawa akasimamisha manyoya ya shingo na kugonganisha meno. Maharage akaja kumsaidia. Kabla sijainama, Unga alikuwa ameshang'atwa sikio, analia kwa sauti kali kama filimbi.

"Nilijua tu," alisema Projestus. "Wawili wakishazoeana, wa tatu ni ugomvi. Kesho namrudisha."

"Umwambie nini mama?"

"Ukweli. Kwamba hawamtaki."

"Wao hawamtaki. Mimi nimeulizwa?"

Akakaa kwenye kigoda, akashusha pumzi. "Placida, jiko moja, wanawake wawili. Mkianza kugombana, mimi ndiye nitakuwa katikati."

"Kaa katikati basi! Mwanaume mzima unawaogopa mama yako na simbilisi?"

Nilimsafisha Unga sikio kwa maji ya chumvi, nikamfunika kwa tenga karibu na wenzake, wanusane bila kung'atana. Nikabaki nawatazama kwa hasira. Kahawa alikuwa akizunguka, anaburuza makalio kwenye nyasi na kukojoa hapa na pale, kama mtu anayepanda mipaka ya shamba. Ndipo nikaona kosa langu. Nyasi zile walizilalia wao, zinanuka wao. Nilikuwa nimemtupa mgeni kitandani mwa watu. Kwani mimi, siku niliyoolewa, mama Anatolia aliniingiza kwenye nyasi kuukuu? Alifagia nyumba yote, akatandika mbichi, ndipo akanishika mkono tukaingia.

Asubuhi niliwatoa wote nje, kila mmoja chini ya tenga lake. Nikafagia jiko, nikatupa nyasi zote kwenye migomba, nikasugua ile pembe ya mafiga kwa maji na majivu. Nikapanda kilimani na mundu. Benitha aliponiona narudi na mzigo kichwani akauliza kama kuna harusi.

"Ipo," nikamjibu, wala sikusimama.

Nikatandika. Maganda nikayamwaga mafungu mbalimbali, ili asiwepo wa kukalia chakula cha mwenzake. Nikawaingiza wote watatu kwa pamoja, nikakaa mlangoni na ufagio mkononi.

Walizunguka wakinusa, wote wageni. Kahawa akagonganisha meno. "Jaribu," nikamwambia. Akamfukuza Unga mpaka ukutani, lakini hakumng'ata.

Projestus akachungulia. "Si wanagombana hao?"

"Waache. Damu haijatoka."

Jua lilipoanza kushuka, Unga alikuwa anakula kwenye fungu moja na Maharage. Kahawa aliwanunia, kisha njaa ikamshinda, akaja naye.

Jumapili, baada ya misa, mama alipiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unga hajambo? Wamempenda?"

Projestus alinikonyeza niseme ndiyo. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, tena mzuri. Lakini mama huyu alinisimamia bila kunidanganya hata siku moja, na niliona aibu.

"Hapana, mama. Hawajampenda. Kahawa bado anamfokea, na kulala analala pembeni peke yake. Lakini kwenye chakula hakuna anayemfukuza."

Projestus akajishika kichwa. Nilikuwa nimemkosa mama kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Waitu, mwanangu Placida," mama akasema, "ungeniambia wamempenda kwa siku hizi chache, ningejua unanidanganya, nisingekuja. Mwambie mumeo atafute gari. Pikipiki siiwezi na mguu huu."

"Mama, mimi sitakufokea."

"Utanifokea. Na mimi nitakufokea. Ilimradi tutakula pamoja."

Nililia waziwazi mbele ya Projestus, kisha nikamsukuma nje akatafute gari.