Kikundi cha Mtu Mmoja

Nelima alikuwa mkunga kwa miaka kumi na moja, na minne ya mwisho alizalisha wanawake akiwa amekunywa. Vipakiti vya pombe kali alivificha ndani ya boksi la glavu. Kabla ya zamu alitafuna karafuu. Kama wenzake katika ile zahanati ndogo ya Kitengela walimshuku, walinyamaza.

Hadi mchana mmoja wa Machi, mwaka wa 2003. Mwanamke mwenye uchungu alimwita mara tatu, naye Nelima alikuwa amelala kitini. Alipozinduka mtoto alikuwa juu ya saruji, mama yake ameinama akijaribu kumwokota, kitovu hakijakatwa. Mtoto alilia, na akaishi. Nelima alifutwa kazi siku hiyo hiyo.

Mumewe, Wanyama, hakumfokea. Alivumilia wiki tatu za kumkuta sakafuni kila jioni, kisha asubuhi moja akasema, akifunga viatu, "Mama Melvin, mimi nimechoka. Mwisho wa mwezi napeleka watoto kwa mama, Kimilili. Wewe ukitaka kubaki na hizo vipakiti, baki." Akaenda kazini.

Florence, muuguzi aliyewahi kufanya naye kazi, ndiye aliyemwambia habari za kikundi. "Iko Kajiado. Watu wanaacha pombe, wanakutana Jumatano saa nne kwa kanisa nyuma ya soko. Shemeji yangu alisaidika huko."

Kajiado ilimfaa. Kitengela nusu ya akina mama wa mtaa walikuwa wamepitia mikononi mwake.

Jumatano alishuka Kajiado akiwa hajaonja kitu tangu adhuhuri ya jana. Jasho lilikuwa limelowesha kola ya blauzi na vidole havikutulia. Alijua maana yake. Wodini aliwahi kuwashika wanaume walioshikwa na degedege kwa kuacha pombe ghafla.

Kanisa lilikuwa na kufuli. Mwanamke aliyekuwa akifagia uwanja alimtazama miguu mpaka kichwa.

"Wale walevi? Walitolewa Krismasi. Wazee wa kanisa walisema wanaharibu jina ya kanisa."

"Walienda wapi?"

"Sijui, mama. Nani atawafuata?"

Aliuliza kwenye kinu cha kusaga. Aliuliza hotelini, ambako mwanamume mmoja alicheka na kumwonyesha baa ya ng'ambo ya barabara. "Kikundi ya walevi ni ile."

Nelima alivuka. Alijiambia anaenda kuuliza tu. Lakini mbele ya kaunta aliusikia mdomo wake ukiuliza habari za kikundi na, kwa pumzi hiyo hiyo, ukiagiza glasi.

"Mimi ndio nilikuwa mwenyekiti," sauti ilisema pembeni.

Alikuwa mzee aliyevaa koti safi, na mbele yake chupa iliyofika nusu. Alijitambulisha: Gichuru, mwalimu mstaafu. Alikaa miaka sita bila kunywa. Novemba mkewe akafa, akanywa moja.

"Waliponiona hivi, wengine wakatoroka mmoja mmoja. Mwishowe hata kanisa ikatufukuza."

"Kwa hivyo imekufa."

"Saning'o amebaki. Ako na duka ya dawa za ng'ombe, karibu na posta. Kila Jumatano anafunga mlango saa nne anakaa peke yake. Mimi hupita hapo nje."

"Mbona huingii, mwalimu?"

Gichuru alisukuma glasi ya Nelima mbali kidogo. "Enda kabla hujakunywa hiyo."

Akainywa. Yote, amesimama. Vidole vikatulia mara moja, na kule kutulia ndiko kulikomliza, machozi yakimtiririka mbele ya mhudumu wa baa aliyejifanya anapanga chupa. Kisha akatoka, akakaribia kukimbia.

Duka lilikuwa limefungwa. Alibisha. Mzee mrefu mwenye sweta juu ya shuka alifungua.

"Takwenya," alimsalimu.

"Iko," Nelima akaitikia, kama walivyozoea majirani zake Wamaasai. Hakusogea. "Nimekunywa, mzee. Saa hii tu. Siwezi kuingia."

"Mimi siku ya kwanza nilikuja nimejikojolea. Ingia."

Ndani mlikuwa na viti sita vya plastiki, vimepangwa duara katikati ya magunia ya chumvi ya mifugo. Kila wiki mzee alivipanga vyote. Saning'o aliketi, akaweka mikono magotini.

"Naitwa Saning'o. Mimi ni mlevi. Niko na miaka tano bila kuonja." Akangoja.

Nelima alimweleza habari za yule mtoto. Hakuwahi kumwambia mtu, hata Wanyama alisikia kutoka kwa wengine. Mzee hakumwambia kuwa si kosa lake. Aliuliza anakunywa kiasi gani kwa siku, na alipoambiwa akachukua kofia yake. "Hiyo huwezi kuacha peke yako, wewe ni muuguzi unajua. Tuende hospitali kwanza."

Alilazwa siku sita. Alipotoka, watoto walikuwa wameshapelekwa Kimilili, na Wanyama alikuwa amehamia Rongai. Funguo za nyumba alimwachia jirani.

Mwezi wa tano alianguka, akarudia pombe. Wa saba akaanguka tena, akalala mtaroni karibu na soko la Kitengela, wanawake aliowazalisha wakimpita. Jumatano iliyofuata alikwenda Kajiado, midomo imepasuka, akabisha. Saning'o alifungua. Gichuru alikuwa ameketi ndani, koti limefungwa mpaka shingoni, akitetemeka vibaya. Nelima alivuta kiti karibu naye, akamshika kifundo cha mkono, akaanza kuhesabu mapigo ya moyo wake.